HISABATI NA HAKI: AKISAMI ZINAPOTOKA DAFTARINI

Ninaandika kutoka Ozi, kijiji kilicho karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunaiandika katika insha kila muhula. Lakini kengele ya hisabati ikilia, tunapiga miayo na kuulizana, "Jamani, hizi hesabu zitatufaa wapi?" Kana kwamba daftari la methali ni jingine na daftari la hisabati ni jingine!

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba daftari ni lile lile. Nitachukua mambo manne tunayoyajua sote, yaani mpunga, maji, fedha za kaunti na viti vya Bunge, niyapige hesabu hatua kwa hatua. Msomaji, chukua kalamu na karatasi. Makala haya hayasomwi kwa macho peke yake.

MWALIMU ALIYEPITIA SAME

Kwanza nikueleze kwamba jambo hili si geni, na sehemu ya historia yake iko hapa kwetu Afrika Mashariki. Palikuwa na Mmarekani mweusi aitwaye Robert Moses, aliyezaliwa mwaka 1935 huko New York. Katika miaka ya 1960 alikwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Huko mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha alipewa mtihani wa kusoma na kueleza kifungu cha katiba, na msahihishaji akawa ndiye yule yule asiyetaka apite. Kwa hiyo kusoma kukawa ndio mlango wa haki, na mlango ulifungwa.

Mwaka 1969 Moses na mkewe walihamia Tanzania, naye akafundisha hisabati huko Same hadi mwaka 1976. Wakati huo Tanzania ilikuwa ikifuata Elimu ya Kujitegemea, mwongozo alioutoa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, uliotaka shule isitengane na maisha ya wananchi. Moses aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama zamani asiyejua kusoma alifungiwa nje ya uraia, basi siku hizi asiyejua hesabu hufungiwa nje vile vile. Alifariki mwaka 2021.

Mwingine ni Florence Nightingale, yule muuguzi wa Uingereza. Wengi tunamjua kwa taa yake, lakini mwaka 1858 alichapisha michoro ya hesabu iliyoonyesha kwamba askari wa vita vya Crimea waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Mchoro mmoja ulisema jambo ambalo maneno mengi yalishindwa kulisema.

TUKUMBUSHANE AKISAMI

Sasa turudi katika Kiswahili chetu. Tangu shule ya msingi tulikaririshwa akisami: nusu (1/2), thuluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumni (1/8), tusui (1/9) na ushuri (1/10). Maneno haya yametokana na Kiarabu, kama vile sita, saba na tisa. Tulikuwa pia na maneno ya Kibantu. Tisa iliitwa kenda, na neno fungate, ambalo leo tunalitumia kwa siku saba za maarusi, maana yake ya asili ni saba.

Vipimo navyo tulikuwa navyo. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi. Anayesema haba na haba hujaza kibaba anataja kipimo halisi, kilichokuwa kikipimiwa nafaka sokoni.

Kuna swali moja ambalo mwalimu wetu wa hisabati hulirudia mpaka tunalisikia usingizini: "Sehemu ya NINI?" Ukimwambia, "Mwalimu, jibu ni robo," yeye hujibu, "Robo ya nini, mwanangu?" Usilisahau swali hilo. Ndilo ufunguo wa makala haya yote.

SOMO LA KWANZA: KILELE CHA DEBE

Sisi wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni, kwa hiyo hesabu za nyumbani tunaziona kwa macho. Wakati wa kuuza mpunga, wanunuzi huja na debe lao. Debe likishajaa, hawalikati kwa ubao. Huendelea kumimina mpaka mpunga ufanye kilele kama kichuguu. Bei ni ya debe moja. Siku moja nilimuuliza mama:

"Mama, kile kilele nacho hulipwa?"

"Hakilipwi, mwanangu. Ndiyo desturi ya debe."

"Kwa hiyo ni bure?"

"We, usinitie maneno mbele ya watu. Shika gunia hilo."

Nilishika gunia, lakini kichwani hesabu ilikuwa imeshaanza. Tufanye pamoja. Tuseme debe lililokatwa kwa ubao lina kilo 12 za mpunga, na kilele kina kilo moja na nusu.

Kilele ÷ debe = 1.5 ÷ 12 = 1/8

Yaani kilele ni thumni ya debe. Sasa tuseme mkulima ameuza madebe 40 yenye vilele:

40 × 13.5 = kilo 540
540 ÷ 12 = madebe 45 yaliyokatwa

Amelipwa madebe 40, ametoa 45. Kama debe ni shilingi 500, amelipwa shilingi 20,000 badala ya shilingi 22,500. Shilingi 2,500 zimekwenda na kilele.

Hapa ndipo swali la mwalimu linapoingia. Mnunuzi anaweza kusema, "Nimepata nyongeza ya thumni tu." Ni kweli, ukihesabu kwa yale madebe aliyoyalipia: 5 kati ya 40. Lakini mkulima akihesabu kwa yale aliyoyatoa, amepoteza 5 kati ya 45, ambayo ni tusui. Mpunga ule ule, kilele kile kile, lakini mmoja anaona thumni na mwingine anaona tusui, kwa sababu kila mmoja ana "nini" yake. Watu wawili wakibishana juu ya sehemu, angalia kwanza kama wanazungumzia kitu kizima kimoja.

Dawa yake ni nini? Ni ubao wa kukatia, au mzani. Jioni ile nilimwonyesha mama hesabu hii, nikaiandika kwa mkaa ukutani jikoni. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, mwaka mzima hizo zingefika ngapi?" Kumbe mama alikuwa amekwisha kuingia darasani bila kuandikishwa!

SOMO LA PILI: MAJI YA CHUMVI NA WASTANI UNAOFICHA

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, takriban kilomita 1,000. Sisi wa Ozi tuko mwisho wake kabisa. Maji yanatufikia baada ya kila mtu kuchota. Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme, na miaka yake ya kukamilika ni hii: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988.

Tafuta nafasi baina ya bwawa na bwawa: 6, 4, 3, 7. Jumla ni 20, gawanya kwa 4, unapata 5. Kwa wastani, katika miaka ile 20, bwawa jipya lilikamilika kila baada ya miaka mitano. Tena mwaka 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika ambao humwaga maji yake katika Tana, kwa ajili ya maji ya Nairobi. Sisemi mabwawa ni mabaya. Umeme unatakiwa, na mtoto wa Nairobi naye ana kiu. Ninasema tu kwamba maji yakigawanywa, aliye mwisho wa foleni ahesabiwe naye.

Kwetu mpunga unategemea mto na bahari kwa pamoja. Bahari inapojaa, husukuma maji ya mto nyuma, yakapanda na kuingia mashambani. Wazee walijua siku za bamvua na siku za maji mafu, wakapanda kwa kufuata hesabu hiyo. Mto ukiwa na nguvu, yanayopanda ni maji matamu. Mto ukidhoofika, yanayopanda ni maji ya chumvi, na hapo mpunga unakuwa wa manjano, miembe na migomba nayo inakauka.

Chumvi kiasi gani inatosha kudhuru? Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Mpunga huanza kuumia chumvi ikifika kama gramu 2 kwa lita. Chukua lita 1 ya maji ya bahari uichanganye na lita 16 za maji matamu yasiyo na chumvi:

Jumla ya maji = lita 17
35 ÷ 17 = gramu 2.06 kwa lita

Kwa hiyo lita moja ya bahari inatosha kuziharibu lita 16 za mto! Ndiyo maana mto ukipungua kidogo tu, shamba linajua.

Sasa angalia hila ya wastani. Tuseme mtu anapima maji ya mfereji kila siku kwa wiki moja, apate gramu hizi kwa lita: 0, 0, 0, 0, 0, 0, 7. Jumla ni 7, gawanya kwa siku 7, wastani ni 1. Ataandika katika ripoti yake: "Wastani ni gramu 1, chini ya kiwango cha hatari. Maji ni salama." Lakini siku ya saba gramu 7 ziliingia shambani, zaidi ya mara tatu ya kile mpunga unachovumilia, na chumvi ikishaingia udongoni haitoki kwa siku moja.

Wastani haukusema uongo. Umeficha tu. Anayepima hali ya watu aandike wastani, kisha aandike pia kiwango cha juu kabisa, cha chini kabisa, na siku ngapi hatari ilizidi. Mpunga hauli wastani. Mpunga unakunywa maji ya siku ile.

SOMO LA TATU: SHILINGI MIA MOJA ZA KAUNTI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 203, inasema kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Je, kaunti 47 zinagawanaje? Hapo ndipo hisabati inapokuwa siasa, na siasa inapokuwa hisabati.

Kwanza takwimu. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu 47,564,296, na Kaunti ya Tana River watu 315,943. Ukigawanya utaona sisi ni karibu mtu 1 kati ya 150. Lakini eneo la kaunti yetu ni kama kilomita za mraba 38,000, kati ya kama 580,000 za Kenya nzima, yaani karibu 1 kati ya 15. Angalia vizuri: watu, moja kwa mia na hamsini, ardhi, moja kwa kumi na tano.

Tuseme tunagawanya shilingi 100.

Njia ya kwanza, kwa idadi ya watu peke yake: Tana River ingepata karibu senti 67.
Njia ya pili, sawa kwa sawa kwa kaunti zote: 100 ÷ 47 = shilingi 2 na senti 13.
Njia ya tatu, kwa eneo peke yake: zaidi ya shilingi 6 na nusu.

Njia tatu, majibu matatu, na kila njia ina mtu wa kuitetea. Wa Nairobi, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ile ile, atasema shilingi imfuate mtu. Wa Tana River atasema kwamba muuguzi wa kwetu husafiri mwendo mrefu kuwafikia wagonjwa wachache, na mafuta ya gari hayaulizi idadi ya watu. Wote wawili wana hoja.

Ndiyo sababu fomula ya kwanza ilichanganya. Ilitenga shilingi 45 kwa idadi ya watu, 25 za sawa kwa sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa eneo na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Hebu tufanye zoezi kwa sensa ya 2019, tukiacha kando zile 22 za umaskini na nidhamu:

Watu: 45 ÷ 150 = 0.30
Sawa kwa sawa: 25 ÷ 47 = 0.53
Eneo: 8 ÷ 15 = 0.53
Jumla = shilingi 1 na senti 36

Unaona? Fungu kubwa la shilingi 45 linatuletea senti 30, na fungu dogo la shilingi 8 linatuletea senti 53. Kwa hiyo mtu akisimama na kusema, "Tupunguze fungu la eneo kwa shilingi 4 tu, tuzitie kwa watu," usipige makofi kabla ya kuhesabu. Eneo litakuwa 4 ÷ 15 = 0.27, watu watakuwa 49 ÷ 150 = 0.33. Jumla mpya ni 0.33 + 0.53 + 0.27 = 1.13. Tumepoteza senti 23 katika kila shilingi 100. Katika mabilioni, hizo ni zahanati na visima.

Mwaka 2020 Seneti ilibishana kwa miezi juu ya fomula ya tatu. Wengine walitaka mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wengine walilia kwamba kaunti zao zingepoteza mabilioni. Fomula iliyopita Septemba mwaka huo iligawa hivi: sawa kwa sawa 20, watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, eneo 8, barabara 8 na miji 5. Zijumlishe uone kama zinafika 100. Katiba inataka mgao huu uangaliwe upya kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo mjadala utarudi tena na tena, na siku moja wa kubishana watakuwa sisi.

SOMO LA NNE: THULUTHI MBILI

Kifungu cha 81 cha Katiba kinasema katika mabaraza ya kuchaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake kutoka kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Hapa kwetu Tana River tuna maeneobunge matatu: Garsen, Galole na Bura.

349 ÷ 3 = 116.33

Mtu hakatwi vipande, kwa hiyo jinsia iliyo chache lazima ipate angalau viti 117. Katika uchaguzi wa mwaka 2017 wanawake walioshinda maeneobunge walikuwa 23. Ongeza wale 47, wakawa 70. Sasa fanya ukarimu: tuseme viti vyote 12 vya kuteuliwa wangepewa wanawake.

70 + 12 = 82
117 − 82 = 35

Bado viti 35 vinapungua! Na 82 haifiki hata robo ya 349. Maana yake ni kwamba uteuzi, hata ungekuwa wa haki namna gani, usingeweza kuziba pengo lile. Pengo lilikuwa katika zile 290. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza kanuni hii, lakini Bunge halikuvunjwa.

Tena tuulize: sehemu ya nini? Mtu akisema, "Wanawake wana viti 47 vyao," muulize, 47 kati ya ngapi? Ni kama sehemu moja kati ya saba na nusu za Bunge. Subui haijafika.

HESABU YENYE HATARI

Msomaji mwenzangu, hisabati inaweza pia kutumiwa vibaya, na sisi wa Delta ya Tana tunajua. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Mkulima anataka shamba kando ya mto, mfugaji anataka njia ya kufikisha ng'ombe kwenye maji yale yale. Siku zile watu walihesabu pia. Walihesabu wa kwao waliokufa, wakasema wa upande wa pili bado hawajatosha.

Kisasi ni hesabu ya ajabu. Anayelipiza hudhani anatoa, mpaka pande mbili zibaki sifuri kwa sifuri. Kumbe anajumlisha. Kila akiongeza kwao, wanaongeza kwake, na jumla haishuki hata siku moja.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya daftari letu iwe hii: tuhesabu pande zote. Ukipima hasara ya maji ya chumvi, andika magunia ya mkulima na andika pia ng'ombe wa mfugaji waliokosa malisho. Mwaka 2012 delta yetu iliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Katika hekta hizo zote hakuna hata moja inayokunywa maji ya kabila.

TUANZE VIPI SHULENI?

Mambo haya hayahitaji maabara. Napendekeza Chama cha Kiswahili na wenzetu wa hisabati tushirikiane hivi:

1. Tuchague jambo moja kwa muhula, linalotugusa. Mfano: kipimo cha mpunga, mwendo wa kufuata maji, au idadi ya siku ambazo wanafunzi hukosa shule kwa mafuriko.
2. Tukusanye takwimu wenyewe, kwa heshima. Ukifika kwa mzee, sabahi kwanza, keti, ndipo utoe daftari. Usimwandike mtu jina lake bila ruhusa.
3. Tuzipange katika jedwali, tutafute wastani, kisha tuandike cha juu na cha chini.
4. Katika kila akisami tuandike pembeni: sehemu ya nini?
5. Tuandike matokeo kwa Kiswahili safi tukayasome barazani, mbele ya wazee na akina mama. Hesabu isiyoeleweka kwa mama aliyeuza mpunga haijakamilika.

Hapo ndipo lugha inapohitajika. Mtaalamu akija na ripoti ya kurasa mia, ni nani atakayeifanya iwe maneno ya baraza? Ni sisi tuliokaririshwa thumni na tusui.

ZOEZI

(a) Mkulima ameuza madebe 24 yenye vilele. Kilele ni thumni ya debe. Ametoa madebe mangapi yaliyokatwa? Amepoteza sehemu gani ya alichotoa?
(b) Chumvi ya maji kwa siku saba ni gramu 1, 1, 1, 1, 1, 8, 8 kwa lita. Tafuta wastani. Siku ngapi zilizidi gramu 2? Je, wastani unaeleza siku za namna gani?
(c) Kamati ya kijiji ina watu 14. Kwa kanuni ya thuluthi mbili, wanaume wasizidi wangapi? Wanawake wasipungue wangapi?
(d) Lita 1 ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Uongeze lita ngapi za maji matamu ili kila lita iwe na gramu 1?

Majibu (usichungulie kabla ya kujaribu!):
(a) Madebe 27; amepoteza 3 kati ya 27, yaani tusui. (b) Wastani ni 3. Siku 2 zilizidi. Hakuna siku hata moja iliyokuwa na gramu 3, kwa hiyo wastani haukueleza siku yoyote. (c) 14 × 2/3 = 9.33, kwa hiyo wanaume wasizidi 9 na wanawake wasipungue 5. (d) Lita 34.

Nikifunga makala haya, nawaomba wenzangu wasiikimbie hisabati kwa kuambiwa ni ngumu. Ngumu ni kuuza mpunga miaka kumi bila kujua kilele kimekula kiasi gani. Wahenga walikwisha kutuachia methali ya daftari. Kilichobaki ni sisi kulifungua na kuandika.